Namna ya Kujiandaa kwa Kliniki za Kibingwa za Meno, Masikio, Pua na Koo, na Utengamao katika Hospitali ya Umma

Mtu anayefika kwa mara ya kwanza katika kliniki ya kibingwa ya hospitali ya umma mara nyingi hushangazwa na mambo mawili, yaani urefu wa muda aliosubiri na ufupi wa muda aliokaa mbele ya daktari. Mgonjwa hana uwezo wa kuziongeza dakika hizo chache, lakini anao uwezo wa kuziandalia. Mwongozo huu unaeleza maandalizi hayo kwa huduma tatu ambazo hukutana kwa mgonjwa mmoja mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: kinywa na meno, masikio, pua na koo, na utengamao, ambao ni kumrudishia mtu uwezo wa kutembea, kusema, kumeza na kujihudumia baada ya ugonjwa, ajali au kasoro ya kuzaliwa nayo. Unaeleza pia kazi inayobaki nyumbani baada ya kutoka kliniki, kwa kuwa katika huduma hizi, hasa ya tatu, sehemu kubwa ya tiba hufanyika huko.

Kuchagua mlango wa kuanzia

Maumivu ya sikio yanaonyesha vizuri jinsi mgonjwa anavyoweza kupoteza miezi kadhaa kwa kubisha hodi mahali pasipomhusu. Neva zinazohudumia sikio zinashirikiana na zile za magego, kiungo cha taya na koo, hivyo maumivu ya gego lililooza huweza kuhisiwa kana kwamba yanatoka sikioni. Ikiwa mhudumu wa afya ameliangalia sikio kwa kifaa chenye taa akakuta ngoma yake iko salama, na usikivu haujapungua, hatua inayofuata si kubadilisha matone ya dawa bali ni kuchunguza magego, jino la mwisho linaloota kwa shida, na kiungo cha taya, hasa kama maumivu huzidi wakati wa kutafuna. Kwa mtu mzima anayevuta tumbaku au anayekunywa pombe kwa wingi, maumivu ya upande mmoja yanayoendelea kwa wiki kadhaa ilhali sikio lenyewe halina kasoro yanadai koo lichunguzwe, kwa sababu uvimbe wa koo huweza kuanza kujionyesha kwa njia hiyo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Magego ya juu ya upande mmoja yakiuma yote kwa pamoja, na maumivu yakizidi mtu anapoinama, huenda shida iko katika uwazi uliomo ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu, ambao sakafu yake imekaribiana mno na ncha za mizizi ya meno hayo, na kung'oa jino hakutasaidia lolote. Ukaribu huo ndio pia unaofanya jino bovu la juu limletee mtu mzima makamasi yenye harufu mbaya katika tundu moja la pua. Kwa mtoto mdogo, harufu kama hiyo katika tundu moja ina maelezo mengine, na jambo la kwanza la kushuku ni kwamba ameingiza kitu puani.

Utengamao una tatizo la aina yake, kwa kuwa wengi hawajui kwamba wanaustahili. Mgonjwa hulazwa, hutibiwa na huruhusiwa kurudi nyumbani bila mtu yeyote kumuuliza atapandaje ngazi au atavaaje shati kwa mkono mmoja. Kwa hiyo ombi la kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, wa tiba kazi (anayemfundisha mgonjwa shughuli za kila siku kama kuvaa na kula) au wa tiba ya matamshi litolewe akiwa bado wodini, kwa sababu kulipata baada ya kuruhusiwa huwa na mzunguko mrefu zaidi.

Barua ya rufaa na vitu vya kubeba

Kliniki za kibingwa kwa kawaida hupokea wagonjwa waliotumwa kutoka ngazi za chini, na ubora wa barua ya rufaa huathiri moja kwa moja ubora wa miadi. Barua isemayo tu kwamba mgonjwa aonwe na bingwa humlazimisha bingwa kuanza upya. Kabla hujaondoka kwa aliyeiandika, isome uhakikishe kwamba inataja lalamiko na muda wake, kilichoonekana katika uchunguzi, dawa zilizotumika pamoja na kipimo chake na idadi ya siku, majibu ya vipimo, na swali ambalo bingwa anaombwa kulijibu. Ukikuta kitu hakipo, kuomba kiongezwe si utovu wa adabu. Piga picha ya barua hiyo kwa simu, kwani karatasi hupotea.

Dawa unazotumia zibebe katika pakiti zake, badala ya kuzieleza kwa rangi ya vidonge. Daktari wa meno anahitaji kujua kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na ni muhimu usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe ukidhani unamsaidia, kwa sababu hatari ya damu kuganda ndani ya mwili yaweza kuzidi ile ya kutokwa damu kwenye fizi. Anahitaji pia kujua kama una vali bandia ya moyo, kwa kuwa huenda ukapewa antibiotiki kabla ya kung'olewa jino, au kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, ambazo zinaweza kuchelewesha taya kupona. Bingwa wa masikio, kwa upande wake, atataka kujua kama uliwahi kuchomwa sindano za streptomaisini, amikasini au jentamaisini, kwa mfano wakati wa kutibiwa kifua kikuu, kwa kuwa dawa za kundi hilo zinaweza kuharibu usikivu kwa kudumu. Kisukari, shinikizo la damu, ujauzito na mzio wa dawa vitajwe hata kama hakuna aliyeuliza.

Yasiyosubiri tarehe ya kliniki

Kuna hali ambazo kusubiri miadi ni kosa, na mahali pake ni idara ya dharura siku hiyo hiyo. Uvimbe wa jino ukisambaa kuelekea jichoni au shingoni, au ukiambatana na homa, shida ya kufungua mdomo, kumeza au kupumua, hautibiwi kwa vidonge vya maumivu nyumbani. Betri ndogo ya mviringo iliyoingia puani, sikioni au kooni huanza kuunguza nyama laini ndani ya muda wa saa mbili, kwa hiyo usitie matone wala maji, na usijaribu kuichokonoa. Mtoto anayetoa mkoromo mkali anapovuta pumzi naye hawekwi kwenye foleni.

Uziwi wa ghafla wa sikio moja, ule ambao mtu huamka asubuhi akakuta upande mmoja umezimika, ndio unaopuuzwa zaidi, kwa sababu hauna maumivu na watu hudhani ni nta au mafua. Baadhi ya wanaopatwa nao husaidiwa na dawa za steroidi zinapoanzishwa mapema, katika siku za kwanza au angalau ndani ya wiki mbili. Anayepangiwa tarehe ya mwezi ujao amekwisha kupitwa na wakati, hivyo wahudumu wa mapokezi waelezwe wazi kwamba usikivu umepotea ghafla, na siku itajwe.

Jino la utu uzima lililong'oka kwa kuanguka au kupigwa linaweza kurudishwa mahali pake. Lishike upande wa juu unaotafunia, si kwenye mzizi. Likiwa na uchafu lisuuze kwa muda mfupi bila kulisugua. Kisha lirudishe kwenye tundu lake na uume kitambaa safi taratibu. Kama haiwezekani, liweke katika maziwa na ufike kwa daktari wa meno, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Jino la utoto halirudishwi, kwani kulisukuma ndani kunaweza kuumiza jino la kudumu linalokuja chini yake. Damu ya pua nayo hutibiwa kwanza palepale kwa mtu kuketi, kuinama mbele na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kila mara kuchungulia. Ikiendelea baada ya juhudi hiyo, nenda hospitali. Kuinua kichwa nyuma, kama wengi walivyofundishwa, huipeleka damu kooni tu.

Kwenye kiti cha daktari wa meno

Swali la kwanza katika kliniki ya meno ni kama jino litaokolewa au litang'olewa, na mgonjwa aliyekesha kwa maumivu huwa tayari ameshaamua ling'olewe. Mara nyingi uamuzi huo ni wa haraka mno. Jino ambalo kiini chake kimeoza lakini kuta zake bado zina nguvu linaweza kutibiwa mzizi, ambapo daktari huondoa kiini kilichokufa, husafisha mifereji ya ndani na kuijaza. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja na kazi yake ni nyepesi, lakini gego la juu huwa na mizizi mitatu na mifereji mitatu au minne, ndiyo maana huweza kuchukua ziara zaidi ya moja. Hatari iko hapo katikati, kwa kuwa maumivu huisha baada ya ziara ya kwanza na mgonjwa harudi. Kizibo cha muda huvuja, vijidudu hurudi, na jino hung'olewa baada ya miezi michache. Ukianza matibabu ya mzizi, ulizia tangu siku ya kwanza idadi ya ziara na kama jino litahitaji kofia ya kulikinga lisipasuke.

Likishang'olewa, uma pamba kwa dakika 20 hadi 30, na kwa saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara na usinywe kwa mrija, kwa sababu donge la damu lililojaa tundu ndilo kinga ya mfupa. Donge hilo likitoka, maumivu makali huja siku ya pili hadi ya nne, baada ya mgonjwa kudhani amepona. Hayo yanadai kurudi kliniki mfupa ufunikwe dawa. Kusukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kuanze siku inayofuata.

Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, hata kama hakiumi, kionyeshwe. Kutoumwa si dalili ya usalama.

Kupimwa masikio, pua na koo

Kipimo cha usikivu hufanyika katika chumba kisichopitisha sauti, ambapo mgonjwa huvaa vifaa vya kusikilizia na kubonyeza kitufe kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu kiasi cha kutilia shaka. Nta iliyoziba iondolewe kwanza na mhudumu, na siku iliyotangulia epuka muziki mkubwa na mashine zenye kelele, kwa sababu sikio lililochoka hutoa majibu mabaya kuliko hali yake halisi. Omba nakala ya chati, kwani si vigumu kuisoma: duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto, na kadiri alama inavyoshuka ndivyo sauti ilivyohitaji kuongezwa ili isikike. Muulize mtaalamu kama tatizo liko katika njia ya kupitisha sauti, ambayo mara nyingi hurekebishika kwa dawa au upasuaji, au katika sikio la ndani na neva, ambako msaada huwa ni kifaa cha kusikilizia, ambacho wengi hukiita shimesikio.

Kwa mtoto mchanga kuna ratiba inayotumiwa na wataalamu ambayo mzazi anapaswa kuijua kwa kichwa: apimwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Kipimo cha mwanzo hakihitaji mtoto aitikie chochote, na ni rahisi zaidi akiwa amelala, kwa hiyo mnyonyeshe karibu na wakati wa kuingia. Mzazi aliyeambiwa asubiri kwa sababu mtoto bado ni mdogo anayo haki ya kuomba kipimo hicho.

Sikio linalotoa usaha lisiingie maji. Pamba iliyopakwa mafuta mazito ya mgando huziba mlango wa sikio wakati wa kuoga, na hutolewa mara baada ya hapo. Vijiti vya pamba havisafishi sikio, bali huisukuma nta ndani. Kwa pua, ukweli mmoja unatosha: matone ya kuzibua yakitumiwa zaidi ya siku tano hivi mfululizo huanza yenyewe kusababisha kuziba. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila sababu inayoeleweka inastahili koo kuangaliwa kwa kamera.

Kuhusu mafindofindo, si kila mtoto anayeyaugua anahitaji kukatwa. Kigezo kinachotumika sana ni kuugua mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kwa kila mwaka katika miaka miwili, au mara 3 kwa kila mwaka katika miaka mitatu. Mtoto anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini hupimwa kwa kigezo kingine. Andika tarehe za kila ugonjwa, kwa sababu kumbukumbu ya mzazi aliyechoka huzidisha au hupunguza. Upasuaji ukipangwa, fuata masharti ya kufunga: kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama saa 4 na maji matupu saa 2, isipokuwa hospitali imeagiza vinginevyo. Ukimlisha mtoto kwa huruma, ama upasuaji utaahirishwa au, kama ukificha, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Baada ya kukatwa mafindofindo, angalia zaidi siku ya 5 hadi ya 10, wakati magamba yanapobanduka. Damu ikionekana, rudi mara moja hata kama ni usiku.

Utengamao, ambako nyumbani ndiko wodini

Katika kliniki mbili za mwanzo mgonjwa hupokea tiba, lakini hapa hufundishwa. Kikao cha nusu saa mara moja au mbili kwa wiki hakiwezi kuufundisha upya mkono uliopooza, isipokuwa kama mazoezi yale yale yanarudiwa nyumbani kila siku. Kwa hiyo njoo na mtu atakayekusaidia nyumbani, na mwombe mtaalamu amwangalie akifanya mwenyewe, si kumwonyesha tu. Kumrekodi mtaalamu kwa simu, kwa idhini yake, kuna thamani kuliko karatasi yenye michoro.

Baada ya kiharusi, mambo matatu hayasubiri. Mgonjwa asipewe chakula wala kinywaji kabla uwezo wake wa kumeza haujapimwa, kwa sababu kinachopotea njia huishia mapafuni. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa 2 ili asipate vidonda vya mgandamizo. Na asinyanyuliwe kamwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, kwa kuwa bega lisiloshikiliwa na misuli huachia kwa urahisi, na maumivu yake huzuia mazoezi kwa miezi. Mafanikio makubwa zaidi huonekana katika miezi mitatu ya mwanzo, ingawa maendeleo hayakomi hapo. Mwambie mtaalamu lengo linaloshikika. Kusema unataka kupona hakumpi pa kuanzia, ilhali kusema unataka kwenda chooni peke yako usiku kunampa umbali, mlango, giza na kuketi, ambavyo vyote vinaweza kufanyiwa mazoezi.

Mguu kifundo, yaani mguu ambao mtoto huzaliwa nao ukiwa umepinda kuelekea ndani, unaonyesha jambo hili waziwazi. Njia ya daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hunyoosha mguu wa mtoto mchanga kwa plasta ngumu zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida kwa wiki chache tu, na watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino kabla ya plasta ya mwisho. Wakati huo mguu unaonekana umenyooka, na wazazi husherehekea. Kumbe ndipo kazi yao inapoanza, kwa kuwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi mtoto afike miaka minne au mitano. Sababu kuu ya mguu kurudi ulivyokuwa ni kuacha viatu hivyo mapema. Mtoto akilia anapovishwa, kagua ngozi yake na urudi kliniki virekebishwe, wala usivitupe chini ya kitanda.

Kifaa cha kusikilizia nacho ni sehemu ya utengamao. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma za utengamao. Anayevaa kifaa kwa mara ya kwanza husikia kila kitu kwa pamoja, vyombo, nyayo, karatasi, na wengi hukivua na kukiweka droo. Kivae kwanza ndani ya nyumba tulivu kwa saa chache, uongeze muda kila siku, na uweke miadi ya kukirekebisha baada ya wiki chache. Kwa mtoto, kipande kinachoingia sikioni hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu sikio linakua. Mlio mkali unaotoka kwenye kifaa mara nyingi ni ishara kwamba kipande hicho kimekuwa kidogo.

Mtoto mmoja, milango mitatu

Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura pamoja na ufa wa kaakaa huzihitaji huduma zote tatu, na hapo ndipo mzazi anapogundua kwamba faili la hospitali halisafiri lenyewe kutoka jengo moja hadi jingine. Mdomo kwa kawaida hushonwa katika miezi ya mwanzo, na kaakaa baadaye, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Kwa kuwa misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija unaopeleka hewa kwenye sikio la kati, majimaji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto husikia kama aliyezamisha kichwa ndani ya maji. Meno yaliyo kando ya ufa huota yamepinda au hayaoti kabisa, na daktari wa meno hupanga muda wa kuyanyoosha na wa kujaza mfupa.

Weka daftari moja lenye kurasa kwa kila kliniki, na katika kila ziara andika kilichofanyika, nani alikifanya, na kipimo gani kinasubiriwa. Kabla ya kikao cha kwanza cha matamshi, mpe mtaalamu majibu ya kipimo cha usikivu cha karibuni kabisa. Asipoyapata huenda atatumia miezi akimfundisha mtoto kutamka sauti ambazo hazisikii.